Heshima ya Mikono Miwili

Nilipowaandikia jamaa zangu wa Tanga kwamba nachangisha dola 1,500 ili nikimbie marathoni ya Chicago kwa ajili ya utafiti wa saratani ya damu, shangazi yangu, ambaye maishani mwake hajawahi kuombwa mchango usiokuwa wa harusi au wa msiba, aliniuliza swali moja tu: bwana harusi ni nani? Nilimweleza kwamba mwaka 1988 baba mmoja, ambaye bintiye alikuwa akiugua saratani hiyo, aliwakusanya wakimbiaji 38 wakakimbia marathoni ya New York na kuchangisha dola 322,000, na kwamba tangu hapo watu wasiokuwa na mbio wala pumzi, kama mimi, wamekuwa wakifundishwa kukimbia kilomita 42 ili jamaa zao waone haya kutotoa. Shangazi alinitumia shilingi 20,000 na dua ndefu, kwa kuwa pumzi yangu anaijua.

Mazoezi yalifanyika kila Jumamosi alfajiri kandokando ya Ziwa Michigan, katika njia yenye urefu wa kilomita 29, na kila baada ya kilomita chache palikuwa na meza iliyosimamiwa na watu waliojitolea. Utaratibu wake nilikuwa nimeshauzoea: unapita, unanyoosha mkono, unapewa maji, vipande vya machungwa, au kile kijipakiti cha uji mzito mtamu ambao wakimbiaji huumeza ili nguvu zisiwaishie njiani. Nikajiwekea kanuni kwamba kila kitolewacho mezani huliwa.

Jumamosi ya kilomita 32, katika joto la Agosti lenye unyevunyevu lililonifanya niikumbuke Tanga bila ya kuitamani, nilifika meza ya nne nikiwa nimeishiwa kila kitu isipokuwa adabu. Mezani alisimama bibi mmoja, mwalimu mstaafu, tuliyemheshimu mno kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameishi na saratani ya damu miaka mingi, akimeza kila siku kidonge cha imatinib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na ambayo, kama alivyopenda kutuambia, ndiyo iliyomfikisha kwa wajukuu wake. Bibi huyo alininyooshea kijiti cha mbao, kama vile vya aiskrimu, chenye bonge la kitu kizito kinachong'aa nchani.

Mimi nimelelewa na shangazi huyohuyo, na nyumbani kwake anachokupa mtu mzima hukiulizi. Unakipokea kwa mikono miwili, unakila, unashukuru. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kidogo, nikala. Hakikuwa na ladha yoyote, kiliteleza ulimini na kugoma kuyeyuka, nikajiambia kwamba huenda ni uji wa wenye kisukari. Nikakilamba kijiti hadi kikawa kikavu, nikamwambia bibi kuwa ni kitamu mno, na kwa kuwa alinikodolea macho kwa namna niliyoidhania kuwa ni ukarimu, nikaomba kingine. Akanipa.

Yalikuwa mafuta ya mgando. Mwenzangu aliyenifuata alichukua kijiti chake akajipaka mapajani na kwapani, kwa maana jasho likikauka huacha chumvi, na chumvi ikikutana na msuguano wa nguo huchubua ngozi kama msasa. Hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule nilimwona tu mtu mwenye akili zake akijipaka chakula mapajani, nikamsikitikia.

Zilikuwa zimebaki kilomita nane. Kwa nje, mapaja ambayo hayakupakwa kitu yaliwaka moto, nikawa nakimbia kama mtoto aliyetoka jandoni jana. Kwa ndani, mafuta yaliendelea na safari yao kwa kasi ambayo mwenyewe sikuwa nayo, na vyoo vya plastiki vya kando ya ziwa vikawa ndivyo vituo vyangu. Kocha aliyenipigia saa alistaajabu kwamba nilikuwa mwepesi ajabu kati ya choo na choo.

Alipokwisha kucheka, kocha alikwenda kumuuliza bibi kwa nini hakunizuia. Bibi alijibu kwamba alimwona mtu akipokea kwa mikono miwili, akiinama, akila kwa unyenyekevu, akadhani ni mila za kwao, na hakutaka kumvunjia mgeni heshima. Kocha alitaka kumweleza ukweli nami nikamzuia, kwa kuwa sikuweza kufikiria uso wa bibi yule akijua kwamba alimlisha mtu mafuta ya ngozi mara mbili.

Jumamosi iliyofuata alinisubiri kwenye meza ya kwanza, mbele ya timu nzima, akiwa na bahasha yenye mchango wa dola 100, kopo jipya la mafuta ya mgando lililofungwa utepe mwekundu, na kijiko.

Nilivipokea vyote kwa mikono miwili.