Matusi Yafungiwa, Ulazimishaji Unapita

Mwezi Novemba 2019 kundi la Ethic, la muziki wa vijana wa mitaani Nairobi uitwao gengetone, lilitoa wimbo Tarimbo, na Wakenya wakawaka. Mashairi yake yalimchukua mwanamke kama mtu wa kuingiliwa kwa nguvu, tena kwa furaha, juu ya mdundo wa kuchezwa klabuni. Bodi ya Uainishaji Filamu nchini (KFCB) ikaukemea, video ikaondolewa YouTube, vijana wale wakaomba radhi. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini mambo yalivyozimwa upesi, hatukupata kuulizana kosa lenyewe lilikuwa lipi: lugha chafu, au mwanamke kunyimwa neno ndani ya wimbo?

Wanaolaumu muziki, vichekesho na tamthilia wana hoja nzito. Kijana wa miaka 15 wa Umoja au Kawangware mara nyingi hana mtu wa kumfundisha namna ya kumwendea msichana, sembuse namna ya kupokea jibu la hapana. Nyumbani ni mwiko, shuleni mada hurukwa. Inabaki spika ya matatu na simu yake. Humo anajifunza kwamba msichana anayekataa anajipandisha bei tu, na kwamba mwanamume hodari hachoki kusumbua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 13 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kudhulumiwa kingono, yaani mmoja hivi kati ya wanane. Matatu ya Rongai ikijaa na skrini ikiwaka, wanawake hao wamo humo ndani, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kutazama.

Wasanii hujibu kwamba hawakuyazua haya, na ushahidi wanao. Mwaka 2006, Bunge likijadili mswada wa makosa ya kingono ulioletwa na Njoki Ndung'u, mbunge mmoja mwanamume alisimama akadai kuwa mwanamke Mwafrika husema hapana akimaanisha ndio. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira. Gengetone ilikuwa haijazaliwa. Aliyesema vile hakuwa kijana wa mtaani asiye na kazi, alikuwa mheshimiwa mwenye kiti Bungeni.

Tena wanasema, na hapa nakubaliana nao kabisa, kwamba kuimba mambo ya chumbani si dhuluma. Wanawake wa Pwani wamecheza chakacha harusini miaka na miaka, kwa mafumbo makali na viuno visivyoomba radhi. Pale mwanamke ndiye anayetamani, ndiye anayecheka, ndiye anayesema. Ukimwambia mama wa Mombasa kwamba hayo ni sawa na wimbo wa kusifu ubakaji, atakuwa na haki ya kukasirika.

Tatizo ni kwamba wasimamizi wetu hawatofautishi haya mawili. Aprili 2018, KFCB hiyohiyo ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, hadi Mahakama Kuu iliporuhusu ionyeshwe kwa siku saba mwezi Septemba. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake kuhusu mapenzi ya aina hiyo. Lakini wasichana wale wanatakana, hakuna anayemlazimisha mwenzake, na ukatili uliomo unawashukia kutoka kwa majirani. Kwa hiyo bodi moja, katika muda usiofika miaka miwili, ilifungia mapenzi ya hiari na ikafungia kusifiwa kwa ubakaji, yote kwa kipimo cha maadili. Kipimo hicho hakiulizi kama aliyeguswa alikubali. Ndiyo maana ulazimishaji ukija umeoga na kuvaa vizuri, unapita mlangoni mchana kweupe.

Tazama tamthilia za nje zinazotafsiriwa na kurushwa jioni, familia nzima ikiwa sebuleni. Tajiri anamshika msichana mkono, anamfungia mlango, anambusu kwa nguvu. Msichana anampiga kofi, kinanda kinaingia, na baada ya vipindi kadhaa wanafunga harusi. Hakuna tusi hata moja. Wanaozitetea husema mtazamaji si mjinga, na ni kweli kuna akina mama Kayole wanaogombana na runinga waziwazi, wakimwambia msichana akimbie. Ila mama akiwa jikoni, mtoto anabaki na hitimisho la mwandishi: yule aliyelazimisha ndiye aliyepata mke.

Nairobi nayo ina kichekesho chake, cha kula fare. Mwanamume anatuma nauli kwa M-Pesa, mwanamke anaipokea, anazima simu. Video fupi za aina hiyo hazihesabiki. Sipuuzi uchungu ulioko hapo: kijana aliyekopa ili atume pesa ameumia, na anayepokea kwa nia ya kudanganya anakosea. Kinachonitisha ni kile ambacho mzaha huo unakichukulia kuwa kimeshakubaliwa, kwamba nauli ni malipo ya awali ya mwili. Nangoja kuona moja ambamo msichana anafika, wanakula, wanaongea, anasema anarudi kwao, na anarudi salama. Deni la shilingi 500 hulipwa kwa shilingi 500. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyotokana na mswada ule wa Njoki Ndung'u, inasema ridhaa ni kukubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuamua, na nauli hainunui kimojawapo. Hata wanaume wanaowekewa mchele, yaani dawa za kupoteza fahamu, kwenye vinywaji wangelindwa na fikra hiyo, badala ya kugeuzwa kichekesho.

Machi 2021 tuliona mambo haya yanafika wapi. Watangazaji wa Homeboyz Radio walimzungumzia mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12, wakamlaumu yeye kwa kujirahisisha kwa mwanamume. Mamlaka ya Mawasiliano ilikitoza kituo faini ya shilingi milioni moja na kusimamisha kipindi miezi sita, kampuni ya bia ya EABL ikaondoa matangazo yake, watangazaji wakafutwa. Wapo waliosema adhabu ilizidi, kwamba mazungumzo ya redio ni maoni. Sikubaliani nao, kwa kuwa kipindi cha asubuhi hakitoi maoni hewani tu, kinazungumza na watu walio na majirani, wake na mabinti. Na kwa kipimo cha matusi peke yake, maneno yale yangepita.

Kwa hiyo siombi marufuku zaidi. Alama za KFCB za umri wa watazamaji, yaani GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18, zingeweza kubeba sentensi moja ya ziada inayomweleza mzazi kwamba humu ulazimishaji unaonyeshwa kama mapenzi, bila kumfungia msanii yeyote kazi. Waandishi wa tamthilia wa hapa Nairobi nao wana nafasi pana kuliko bodi yoyote. Ndoa ndiyo mandhari wanayoipenda kuliko zote, na kifungu cha 43 cha sheria hiyo ya 2006 bado kinawaweka kando watu waliooana kisheria, kana kwamba ndani ya ndoa hakuna kulazimishana. Wangeanzia hapo, kwa mke anayemkatalia mumewe, mahali ambapo wabunge walifika wakarudi nyuma.