Begi la Bi Harusi na Rejeta Yangu

Hadithi yenu ya gari langu kuchemka njiani nikipeleka begi la harusi ishafika Watamu, na kila inapotia nanga inapakia shehena mpya. Leo asubuhi muuza mbaazi kaniuliza kama ni kweli nililia. Sikulia. Ule ulikuwa mvuke. Basi kabla yule rafiki yangu hajaisambaza video yake mara ya tatu, nipeni nafasi niseme yangu, kisha mcheke kwa adabu.

Kigari changu mnakijua. Na mwezi mzima nimewachosha hapa na ugonjwa wake: barabara kuu kimetulia kama maji mtungini, kikiingia foleni ya mjini sindano ya joto yapanda kama mkwezi wa nazi. Nikawaambia ni kifuniko cha rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, nikanunua kipya. Nikawaambia la, ni themostati, kile kilango cha kupitisha maji injini ikipata joto, nikabadilisha. Nikaisafisha rejeta, nikaijaza maji ya kisima (ndiyo, yale yale ya chumvi yanayogandisha ukoko kwenye birika, matusi tutapeana baadaye). Kuna mmoja wenu akaniuliza, "Kaka, feni inazunguka?" Nikamjibu kwa vikatuni vitatu vya kucheka. Ndugu yangu, popote ulipo, nisamehe.

Jumamosi tulikuwa twapeleka begi, lile la nguo na zawadi zake, kwa bi harusi, mtaa wa Shella, Malindi. Nimepakia shangazi watatu wa bwana harusi kutoka Gede, begi lenyewe, sinia ya halwa, na asumini za kumlevya nyuki. Mimi kanzu nyeupe, imepigwa pasi hadi mikunjo yakata. Rafiki yangu nyuma yetu kwenye bodaboda, simu mkononi, eti "achukua kumbukumbu".

Kutoka Gede mpaka kuingia Malindi, sindano katikati, haitingishiki. Gari likikimbia, upepo wa njia wenyewe waipoza rejeta, hata mtoto wa fundi ajua. Lakini mimi nikaona ni dawa yangu imefanya kazi. Nikasema kwa sauti, "Mwaona, shangazi? Ufundi ni kipaji." Wallahi nilisema hivyo.

Tukafika karibu na soko. Tuktuk mbele, tuktuk nyuma, tuktuk ubavuni, na mbele yao wote mkokoteni wa mitungi ya maji ukienda mwendo wa jeneza. Sindano ikaamka.

Nikafungua hita mpaka mwisho. Msicheke, hilo ni la kweli: hita huvuta joto la injini na kulimwaga ndani ya gari, na injini hupata nafuu. Tatizo ni kwamba ndani ya gari ndimo walimokuwa shangazi, na buibui zao, na wanja wao, na jua la saa nane la Malindi.

"Mwanangu," akasema shangazi mkubwa kwa upole wa kutisha, "umetupeleka harusini au umetutia tanurini?"

"Ni matibabu, shangazi."

"Ya nani?"

Boneti ikaanza kutoa moshi. Nikaegesha pembeni, nikazima. Hapa mtu mwenye akili angengoja nusu saa. Lakini upande wa pili walishapiga simu mara mbili kuuliza begi liko wapi, na wapita njia washajipanga. Mwanamume akishatazamwa na watu kumi, akili yahama.

Nikasema, "Nipeni kitambaa." Mkono ukatoka dirishani na leso iliyokunjwa vizuri. Nikaipokea bila kuitazama. Nikaifunika juu ya kifuniko cha rejeta. Nikabonyeza. Nikazungusha robo.

Ssssss.

Nikageuka kuwatazama watu, nikatabasamu. Nilidhani ile ndiyo pumzi yote, imekwisha. Jamani, maji ya rejeta yamefungiwa kwa shinikizo, ndiyo sababu hayachemki hata yakipita digrii 100. Ukiyafungulia, yote yakumbuka kuchemka kwa pamoja. Nikazungusha robo ya pili.

Sikuusikia mlio. Niliona kifuniko kikipaa, leso ikipaa nacho, imejitandaza hewani kama tanga la dau. Kisha maji ya kutu, rangi ya chai ya maziwa, yakapanda juu, yakasita kidogo kama yanachagua mtu, yakanichagua. Niliruka nyuma, nikaangukia gurudumu la mkokoteni. Ule ule wa mitungi ya maji! Tulikuwa tumeufikia. Kanzu kuanzia kifuani mpaka chini ikawa ramani. Mkono wa kushoto malengelenge mawili, yangalipo.

Na leso ikatua. Shangazi mdogo akaiokota kwa vidole viwili, akaikunjua, akapiga yowe ambalo wale watu walidhani ni kigelegele, wakaitikia. Ilikuwa ya ndani ya begi. Doti mpya ya bi harusi.

Yaliyofuata ni mafupi. Begi likaenda kwa tuktuk, shangazi wakaenda kwa tuktuk, halwa ikafika salama, mimi sikufika. Doti nyingine mbili nanunua mimi.

Injini ilipopoa akaja kijana mmoja fundi, hajaota hata ndevu. Hakuuliza kitu. Akapitisha mkono nyuma ya taa ya mbele, akaibuka na soketi yaning'inia. Ya feni, ile inayoipuliza rejeta gari likisimama na upepo wa njia haupo. Akaichomeka, tak. Tukajaza maji, tukawasha, tukangoja. Sindano ilipopita katikati kidogo, feni ikavuma kama ndege inatua.

Mwezi uliopita nilibadilisha balbu ya taa ile. Ile soketi ilikuwa yanizuia mkono.

"Ami, hii nani aliichomoa?"

"Panya," nikasema.

Akaitazama soketi, akaitazama kanzu yangu. "Panya wa huku," akasema, "wajua kubonyeza kibano kwanza ndipo wavute?"

Nikampa mia mbili anyamaze. Rafiki yangu alikuwa bado anarekodi.