Bei umeuliza, saizi je?

"Bei gani, na inaondoa minasi ngapi za miwani?" Hayo ndiyo maswali chini ya kila tangazo la lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, na tangazo lenyewe limejaa furaha: dakika chache tu, miwani kwaheri. Saizi haimshughulishi mtu. Utadhani ni kandambili, ikibana utaizoea.

Hii haizoeleki. EVO ICL, mojawapo ya lenzi hizo, ile ya wasioona mbali, ina saizi nne basi: milimita 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7. Macho ya watu hayana saizi nne. Lenzi hukaa nyuma ya irisi, ile duara yenye rangi ya jicho, ncha zake zikiegemea mfereji unaozunguka humo, katikati ikibinuka kama kuba juu ya lenzi yako ya asili. Pengo kati ya hizo mbili ndilo kesi nzima. Linalotakiwa ni kama maikromita 250 hadi 750. Lenzi ikiwa fupi, pengo linakwisha na mtoto wa jicho anaweza kujitokeza mapema. Ile ya astigimatizimu, yaani ya jicho lisilo na mviringo sawa, huzunguka ikapoteza mhimili wake. Ikiwa ndefu, husukuma irisi mbele, njia ya maji ikabanwa na presha ya jicho ikapanda.

Mfereji wenyewe hauonekani kwa nje. Kwa hiyo wengi hupima upana wa konea, kioo cha mbele cha jicho, weupe wa upande huu hadi weupe wa upande ule, wanaongeza nusu milimita hadi moja kulingana na kina cha chumba cha mbele, yaani nafasi kati ya konea na lenzi ya asili, wanaagiza. Ndiyo kumnunulia mtu viatu kwa kutazama urefu wa suruali yake! Upana wa konea na wa mfereji haufuatani kwa uhakika. Tena mpaka wa konea si mstari: una ukungu, na kwa macho yetu yaliyokula jua na vumbi, rangi ya kahawia au kinyama ukingoni huufuta kabisa. Mashine mbili, majibu mawili, na tofauti ya milimita 0.3 inaweza kukuhamisha saizi nzima.

Haya, nakubali: macho mengi hutoka salama kwa kanuni hiyo, na tundu la milimita 0.36 katikati ya lenzi limepunguza madhara. Lakini jicho likiangukia kati ya saizi mbili, dai ultrasaundi ya masafa ya juu, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachouona mfereji nyuma ya irisi. OCT, kipimo cha mwanga, haipenyi irisi, ingawa inaonyesha vizuri lenzi ya asili imechomoza kiasi gani. Iliyochomoza hula pengo hata saizi ikiwa sawa.

Chumba cha mbele chini ya milimita 2.8? Usibembelezwe kupandikizwa.

Na wewe uliyekata tiketi ya kurudi kutoka India siku inayofuata upasuaji, pengo lako atalipima nani? Lipimwe taa ikiwaka na ikizimwa, maana mboni ikisinyaa pengo hupungua. Lenzi ndefu isiyo ya astigimatizimu mara nyingine huokolewa kwa kugeuzwa isimame wima, kwa sababu mfereji kwa kawaida ni mpana zaidi juu-chini. Ikishindikana, hutolewa kwa mkato wa milimita tatu hivi na kuwekwa nyingine. Kadi utakayopewa itaandikwa modeli na saizi ya lenzi, kwa mfano VICMO 13.2. Itunze, na pembeni yake waandike pengo, kwa maikromita.