Kikao Kilichoitishwa na King'ora

Baraza la wanafunzi wa bweni letu lilikuwa na kila kitu ambacho serikali hutakiwa kuwa nacho: katiba yenye vifungu na vifungu vidogo, mwenyekiti, mweka hazina asiye na hazina, mjumbe wa kila ghorofa, na mimi katibu. Kilichokosekana ni wananchi tu. Katiba ilitaka sheria ndogo yoyote ipitishwe na mkutano mkuu wenye angalau theluthi moja ya wakazi 180, na kuwapata watu 60 wakae kusikiliza hoja ya saa za utulivu si kazi ndogo katika jengo ambalo kila mtu ana kazi ya kukabidhi kesho asubuhi. Wanaolalamikia makelele huwa wamejifungia vyumbani wakisoma, na wapiga makelele hawaoni sababu ya kuja kujihukumu wenyewe.

Tungeweza, bila shaka, kujipitishia mambo yetu kimyakimya, kwa kuwa kanuni za mikutano huchukulia kwamba akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ipo mpaka mtu ahoji. Bahati mbaya ghorofa ya juu alikaa mwanafunzi wa sheria ambaye hakukosa kuhoji hata mara moja. Alikuwa akisubiri nimalize kusoma ajenda, anakohoa kidogo, anafunga kifungo cha koti, kisha anasimama: "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Akidi haijatimia." Maneno hayo yakishatamkwa, kikao hakina ruhusa ya kufanya jambo lolote la maana isipokuwa kutafuta watu zaidi au kuahirishwa, nasi tulikuwa mabingwa wa kuahirisha.

Mwenyekiti wetu hakukata tamaa. Alikuwa amesoma habari za Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani ambaye mwaka 1863 alitwishwa kuongoza mkutano wa kanisa huko New Bedford, ukamshinda kabisa, akaona aibu kiasi cha kujifunza taratibu za mikutano mpaka mwaka 1876 akachapisha kitabu cha kanuni ambacho vyama na mabaraza bado vinakitumia. Mwenyekiti aliamini kwamba kila kiongozi ana New Bedford yake. Ya kwake ilikuja saa nane usiku.

King'ora cha moto kililia kwa namna ambayo hakuna mto wa kitandani uwezao kuizuia. Tukashuka ngazi gizani, wengine wamejifunga mablanketi, wengine ndala miguu tofauti, tukakusanyika uwanjani mahali palipowekwa kibao. Msimamizi wa zamu akaanza kuita majina kutoka kwenye orodha ya wakazi, akiweka alama kwa kila aliyeitika. Walipatikana 74, waliobaki walikuwa wamelala kwa wenzao au walikuwa bado maktaba.

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma ya bega la msimamizi, na nikamwona midomo ikicheza anapohesabu. Alipofika sitini, uso wake ulimeremeta. Katiba yetu ina kifungu kinachoruhusu mkutano wa dharura papo hapo iwapo theluthi ya wakazi wako mahali pamoja na hakuna anayepinga kuitishwa kwake. Akapanda juu ya kingo ya bustani, akatangaza mkutano umefunguliwa, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Macho yote yakamgeukia yule mwanasheria.

Alikuwa amevaa taulo. Hakuwa na koti wala kifungo cha kufunga. Alikuwa na taulo moja fupi aliyoishika kwa mikono miwili, na povu la sabuni limekauka nusu kichwani. Nalo povu hilo lilieleza kila kitu. Vigunduzi vyetu vya moshi vina mwali wa mwanga ndani yake, na chembe zikiutawanya mwali huo king'ora hulia bila kuuliza ni chembe za nini. Mvuke mzito wa bafu lililoachwa mlango wazi huweza kutosha. Ndugu yetu alipenda kuoga maji ya moto usiku wa manane huku akijifanyia mazoezi ya kutetea kesi, na usiku ule mlango haukufungwa. Aliyetunyima akidi muhula mzima ndiye aliyetuletea. Kwa sauti ndogo akasema hana pingamizi.

Hoja ya saa za utulivu ikasomwa, ikaungwa mkono, ikapigiwa kura ya sauti. "Ndiyo" ikavuma, "siyo" ikavuma vilevile. Hapo tabia ikamshinda: mwanasheria akadai kura irudiwe kwa watu kusimama, haki ambayo mjumbe mmoja tu anatosha kuidai, na mwenyekiti akaamua wahesabiwe. Kwa kawaida wanaoafiki husimama kwanza, kisha wanaopinga, lakini sisi sote tulikuwa tumesimama tayari, kwani nani angekaa kwenye nyasi zenye umande? Mwenyekiti akaamua: wanaopinga wachuchumae.

Wakachuchumaa watu 21. Mwanasheria, mpinzani mkuu wa hoja ile, akatazama chini kwenye taulo, akatazama umati, akapiga hesabu. Akabaki wima kama mlingoti. "Mheshimiwa, mimi napinga nikiwa nimesimama," alilia. Mwenyekiti akajibu kwamba utaratibu ni utaratibu, na nikaandika nyuma ya orodha ya msimamizi: walioafiki 53. Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka bweni la jirani, ambako taa ziliwaka dirisha baada ya dirisha.

Asubuhi ikafika barua yao ya malalamiko: wakazi wa bweni letu wamepiga kelele saa nane usiku, kinyume cha sheria waliyosikia ikipitishwa kwa sauti kubwa. Adhabu tuliyokuwa tumejiwekea wenyewe ni mkosaji kupoteza haki ya kupiga kura kwa muhula mmoja, maana yake bweni zima lingebaki bila mpiga kura hata wa kuifuta adhabu hiyo.

Aliyetuokoa ni yeye yule. Akaja kikao cha jioni amevaa koti, akakohoa, akaeleza kwa ufasaha kwamba sheria ndogo huanza kutumika baada ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kwamba sheria hairudi nyuma. Tukampigia makofi. Akatumia nafasi hiyo kuomba kumbukumbu zirekebishwe zioneshe kwamba alisimama kwa sababu za kimavazi. Hoja ikaungwa mkono, na tulikuwa karibu kupiga kura, mweka hazina aliponyoosha mkono kuhoji akidi. Tulikuwa watu 11. Kumbukumbu zimebaki vilevile.