Siku niliyofagia bahari

Kabla sijaenda kusomea uafisa nilikuwa baharia wa sitaha miaka sita, na aliyewahi kufanya kazi ya sitaha anaijua, unaamka unakwangua kutu, ukimaliza kukwangua unapaka rangi, ukimaliza kupaka unaosha, ukija kumaliza kuosha pale ulipoanzia pameshaota kutu tena. Serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, alikuwa mzee mkali, akiona tone la grisi anakuita jina lako, la baba yako na la kijiji chenu. Mkono ukazoea. Nikiona uchafu nasafisha kwanza, maswali baadaye. Nawaambia mapema ili mtakaponicheka mjue ugonjwa ulianzia wapi.

Basi nikaenda chuo, sikitaji, na ikafika zamu ya kozi ya rada na Arpa. Kwa asiyejua, Arpa ni mtambo unaofanya kazi na rada, unaidaka meli nyingine kwenye skrini, mtambo unakaa unaifuatilia, baada ya kama dakika 3 unakwambia jamaa anaelekea wapi, spidi gani, mtapishana kwa umbali gani na baada ya dakika ngapi. Huo umbali wa kupishana ndio wanauita CPA, na CPA ikisoma sifuri maana yake mnakwenda kusalimiana bati kwa bati. Kozi yenyewe ni lazima, kuna mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ule STCW wa 1978, na tangu waufanyie marekebisho 1995 mambo ya rada na Arpa lazima uyafanyie mazoezi kwenye simyuleta, yaani mashine ya kuigiza safari ya meli, siyo uchorewe ubaoni halafu upewe cheti uende zako.

Mwalimu wetu alikuwa nahodha mstaafu, tunamwita Kapteni, mzee wa shati lililopigwa pasi mpaka mkono unakata nyanya. Simyuleta hakutugusisha wiki nzima. Alisema tukianza na mashine tutaiamini kama mganga. Kwa hiyo penseli, rula na karatasi. Unaipima meli kwenye rada, unasubiri dakika 6, unaipima tena, kwa nini 6, kwa sababu ni sehemu ya kumi ya saa, kitu kikisogea maili 1.2 basi ni maili 12 kwa saa, kalikuleta ya nini. Pointi ya kwanza unaiita O, ya mwisho A, mwendo wako mwenyewe unauchora kutoka W kuja O, ukishafunga pembetatu mstari wa W kwenda A ndio mwendo halisi wa yule mwenzako.

"Vijana, shikeni hili," Kapteni akasema. "OA ni kile kinachoonekana. Ukweli uko kwenye WA."

Kimya. Tunaandika.

"Hata kuoa kwenyewe ni hivyo hivyo."

Darasa likaanguka, yeye hata jino hakuonyesha. Ile pembetatu siisahau mpaka naingia kaburini.

Halafu akatusimulia Andrea Doria na Stockholm, meli mbili za abiria, usiku wa tarehe 25 Julai 1956, ukungu, karibu na Nantucket kule Marekani. Zote mbili zina rada, zote mbili zimeonana kwenye rada mapema tu, na bado moja ikakata poti, yaani kushoto, nyingine ikakata staabodi, yaani kulia, wakakutana, watu 51 wakafa na Andrea Doria ikazama asubuhi yake. Kapteni akasema ajali za namna hiyo zikapewa jina kabisa, migongano iliyosaidiwa na rada. Mimi nikatikisa kichwa nikijiambia hao wazee wa zamani walikuwa wazembe. Hilo likumbukeni, nitalilipia.

Wiki ya pili tukaingia simyuleta. Kile chumba kina giza, kina AC ya kugandishia samaki, watu tumevaa majaketi huku nje jua linakaanga lami. Kimegawanywa vijumba vitatu, kila kijumba ni briji, chumba cha kuongozea, ya meli moja, una rada, una usukani, una redio, na mbele yako skrini kubwa zinakuonyesha bahari kama uko dirishani. Kapteni anakaa chumba cha pembeni na kompyuta yake, huko ndiko anakofanya kazi ya Mungu. Akitaka mvua inanyesha. Akitaka ukungu unashuka. Akikuchukia anakuletea tanka la mafuta kutoka staabodi, na wewe kwa kanuni ukiwa naye upande huo inabidi umpishe, halafu mbele kakuwekea mwamba.

Tukapangwa wawili wawili. Mimi nikapewa jamaa mmoja wa Pemba, kwao wavuvi toka enzi, kijana mpole, maneno yake ya kuhesabu. Mimi afisa wa zamu, yeye wa kuangalia nje. Tuchukulie, Kapteni akasema, mnaingia Dar usiku, upepo wa kusi, bahari imechafuka. Haya, endeni.

Nikawasha rada na moyo ukashtuka. Chafu! Katikati pale meli yetu ilipo pamejaa madoadoa, kama mtu kamwaga ufuta kwenye sinia. Ni mawimbi hayo, rada inapiga mawimbi inaleta mwangwi, tulishafundishwa. Na tulishafundishwa kuna nobu tatu, moja ya kuongeza nguvu ya mwangwi, moja ya kuondoa mvua, moja ya kuondoa mawimbi, na hii ya mawimbi inafifisha vya karibu zaidi kuliko vya mbali. Kapteni alisema izungushwe kidogo kidogo kama unaweka chumvi. Mimi nikaona ufuta, mkono wa serahangi ukaamka, nikaizungusha nobu ya mawimbi mpaka ikagoma.

Wallahi skrini ikang'aa. Nyeusi tii, safi, unaweza kulia wali juu yake. Zikabaki tageti mbili tu, kubwa, nene, ziko maili saba nane huko. Nikachungulia kijumba cha jirani, wao bado wana madoa yao. Nikawaambia "nyie hamjui usafi." Hivyo hivyo nilivyosema, mashahidi wapo.

Zile mbili nikazidaka kwenye Arpa, nikangoja dakika zangu 3, namba zikaja. Ya kwanza CPA maili 2 na ushee, haina neno. Ya pili CPA maili 0.3, hiyo ina neno. Nikajaribu kwanza ile hesabu ya "je nikikata hivi itakuwaje," Arpa ikanionyesha, nikakata staabodi digrii 30, kata kubwa ya kuonekana kama Kapteni anavyotaka, CPA ikapanda mpaka maili 1.5. Jamani nilijisikia. Nimeweka mikono nyuma natembea briji yote hatua tatu kwenda hatua tatu kurudi kama nahodha kwenye picha.

"Taa," Mpemba akasema. "Mbele, poti kidogo."

Nikatazama skrini. Inang'aa. "Rada haina kitu."

"Sijaiuliza rada. Nakwambia taa."

"Itakuwa nyota hiyo."

Akanyamaza kidogo, yule hapendi ugomvi. "Yakhe, nyota chini ya maji?"

"Inachomoza."

"Basi inachomoza na mwenzake." Kidogo tena, "Na mwenzake." Kidogo tena, "Hizi nyota zinavua dagaa."

Hapo mtu mwenye akili angesogea dirishani akaangalia. Mimi nikarudi kwenye rada, nikapanua skeli, nikapunguza skeli, safi, nikamwambia bwana mimi nina mtambo hapa wewe una macho, nani anadanganya. Yaani nilisema hivyo kwa mdomo wangu uliotoka kwenye ukoo wa wavuvi wa Bagamoyo, mtu niliyelala kwenye ngalawa nikiwa na miaka tisa, najua kabisa usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, zamani karabai siku hizi za sola. Skrini safi inalevya, sina maelezo mengine.

Taa ya kwanza ikaja, ikawa kubwa, ikaingia chini ya omo yetu, pale mbele ya meli, haikutoka upande wa pili.

Skrini zote zikaganda, maandishi mekundu, mgongano. Halafu redio ikakoroma, chaneli 16, sauti ya Kapteni ameibana puani kama mzee wa kijijini:

"Meli iliyopita juu yetu, meli iliyopita juu yetu, hapa ni ngalawa. Tulikuwa wanne. Nyie safari inaendeleaje?"

Nikashika redio. Mafunzo yanasema ukiitwa ujibu. Nikajibu, "Ngalawa, meli hapa, safari njema." Sijui kwa nini. Kutoka vijumba vingine nikasikia watu wanapiga meza.

Kapteni akaja mwenyewe. Hakusema kitu. Akashika ile nobu kwa vidole viwili akaanza kuirudisha, pole pole, kama mtu anayefungua sefu. Kikatokea kidoti. Akarudisha kidogo, kikatokea kingine. Vinakuja kimoja kimoja kama mbu jioni, mpaka nikahesabu kumi na moja. Viwili viko nyuma yetu, maana yake tulishavipita, kwa pembeni au kwa juu Mungu ndiye anajua.

"Mbao," akasema. "Ngalawa ni mbao na matanga, mwangwi wake kidogo, unafanana na wimbi. Ukifuta wimbi lote umemfuta na mtu. Na hiyo Arpa yako inafuatilia kile rada inachoona, rada ikiwa kipofu yenyewe inashikwa mkono na kipofu."

Akanisimamisha nisome kwa sauti zile kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, za 1972. Kanuni ya 5, uangalie kwa macho na masikio na kila njia uliyonayo. Kanuni ya 6, mwenye rada azingatie kwamba vyombo vidogo vinaweza visionekane mapema inavyotakiwa. Kanuni ya 7, usikisie kwa taarifa haba, hasa taarifa haba za rada. Nasoma huku meno yanagongana, nasingizia AC.

Akamgeukia Mpemba. "Na wewe uliyewekwa kuangalia nje, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nahesabu nyota, Kapteni."

Hapo ndipo nilipomuona Kapteni anacheka mara ya kwanza na ya mwisho, ilibidi ashike usukani. Mimi kuanzia siku ile jina langu likawa Fagio, na kesho yake nikakuta fagio la chelewa limefungwa kwenye rada yangu kwa utepe mwekundu.

Mngedhani yameishia hapo. Mwisho wa wiki nikapanda daladala kwenda Bagamoyo kumsalimia baba mdogo, anavua dagaa miaka mingi kuliko umri wangu, na mimi kwa ujinga nikamsimulia kisa chote nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alikuwa anatia nyavu viraka, sindano ikasimama.

"Kumbe ni nyie," akasema.

"Siyo mimi, baba mdogo, ilikuwa kompyuta..."

"Kumbe ni nyie mnaotupitia." Akafunga fundo. "Haya, huo mtambo wenu ufanyweje ili utuone?"

Nikafurahi, kapatikana mwanafunzi. Nikamwambia mbao na faiba ni hafifu, bati ndio linarudisha mwangwi, na siyo bati lolote, mabati yakikutana matatu kwa pembe mraba kama kona ya ndani ya sanduku, wimbi likiingia linadundadunda linarudi kule kule lilikotoka. Akasema sielewi. Uani kulikuwa na masinia ya mama mdogo yameanikwa juani, yale makubwa ya shughuli, nikachukua matatu nikayaegemeza moja kwa jingine nikamwonyesha, hivi baba mdogo, hivi, na yawe juu mlingotini. Akayatazama sana. Akasema ahaa.

Siku kama kumi na tano mbele tukawa na arusi pale pale nyumbani. Sitaki kueleza marefu, fundi bati alishalipwa, masinia yalishakatwa, yakapigwa ribiti, yako kwenye ngalawa yanazunguka bahari ya Hindi, na mama mdogo anasimulia toka asubuhi kila anayeingia mlangoni, mpaka watu wa upande wa bwana arusi wameshalijua jina langu. Likaja pilau. Watu wamekaa kwenye mikeka wanne wanne, kila kundi na sinia lake, mengine ya kuazima mtaa wa pili. Nikajisogeza kwenye kundi moja, nikakatazwa kwa kidole. Nikaletewa la kwangu peke yangu, limepakuliwa kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi.

"Shikamoo mama mdogo," nikasema, maana niseme nini.

"Marahaba kapteni. Sinia lako lipo baharini, kaliangalie kwa rada."