Daraja Si Roshani

Shangazi yangu, ambaye amekulia Korogwe kando ya reli ya Tanga, alipokuja kututembelea nilimpeleka kwenye daraja la zamani la reli linalovuka mto Hudson, kati ya Poughkeepsie na Highland katika jimbo la New York. Alipofika katikati alishika ukingo kwa mikono miwili, akatazama maji yaliyokuwa mita 65 chini yetu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, daraja lote hili, na treni hakuna?" Kabla sijamjibu honi ililia huko chini, na treni ya abiria ikapita kandokando ya mto, nasi tukaona mapaa ya mabehewa yake tu.

Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1889, baada ya ujenzi ulioanza miaka ya 1870 kukwama kwa kukosa fedha. Lilijengwa ili makaa ya mawe ya Pennsylvania yafike kwenye viwanda vya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, bila mabehewa kuvushwa kwa pantoni. Tarehe 8 Mei 1974 mataruma yake ya mbao yalishika moto, na kampuni iliyolimiliki, ambayo ilikuwa imekwisha kutangaza kufilisika, haikulitengeneza. Mwaka 1984 liliuzwa kwa dola moja, fedha ambayo hapa haitoshi hata kikombe cha kahawa. Aliyelinunua hakuwa amepata bahati, kwa kuwa daraja la ukubwa ule ni mzigo kulitunza na ni mzigo kulibomoa: kila kipande cha chuma kingepaswa kuteremshwa juu ya mto unaopitisha meli na juu ya reli zinazoendelea kutumika kwenye kingo zote mbili. Raia waliojitolea ndio waliolishikilia wazo la kuligeuza njia ya miguu na baiskeli, hadi fedha za umma na za wafadhili zikapatikana, sakafu ya zege ikatandazwa, na likafunguliwa tena tarehe 3 Oktoba 2009. Lifti ya kupandia kutoka ukingoni mwa mto ilifuata mwaka 2014.

Wengi wanaolisifu husifu mandhari yake, nami sibishani nao, hasa majani yanapogeuka rangi mwezi wa Oktoba. Hata hivyo, naona sifa hiyo inalipunguzia hadhi, kwa kuwa daraja ni njia ya kufika ng'ambo, si roshani ya kutazamia mandhari. Upande wa mashariki, daraja limeungana na njia ya takribani kilomita 21 iliyowekwa juu ya tuta la reli ya zamani hadi Hopewell Junction. Upande wa magharibi inaendelea njia nyingine ya aina hiyohiyo. Na zote ni sehemu ya Empire State Trail, njia ya kilomita 1,200 iliyokamilishwa mwishoni mwa mwaka 2020. Kwa kuwa treni nzito haiwezi kupanda mlima mkali, waliochora reli walitafuta mteremko wa taratibu, na ndiyo maana shangazi, pamoja na goti lake linalomsumbua, alivuka kilomita mbili bila kulalamika.

Tofauti kati ya daraja lenye njia na daraja tupu ilionekana wazi kule Louisville, Kentucky. Daraja la Big Four liliacha kupitisha treni mwishoni mwa miaka ya 1960, likaondolewa sehemu zake za kupandia, likabaki limesimama juu ya mto Ohio huku watu wakiliita daraja lisilokwenda popote. Upande wa Louisville ulifunguliwa kwa watembeao mwaka 2013, lakini upande wa Jeffersonville ulisubiri hadi 2014, kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima mtu alikwenda hadi mwisho, akatazama jimbo la Indiana, akarudi alikotoka. Hiyo ni roshani, hata kama ni ndefu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na utaratibu wa kulifunga daraja la Poughkeepsie jua linapozama. Naelewa kwamba kisheria lile ni hifadhi, na hifadhi zina saa zake. Lakini mwezi wa Desemba jua huzama huku yapata saa kumi na nusu jioni, kabla watu wengi hawajatoka kazini, na mwendesha baiskeli anayeishi ng'ambo hujikuta njia yake ya asubuhi haipo tena jioni. Taa na walinzi vina gharama, sikatai, ila mradi uliogharimu karibu dola milioni 39 usingeshindwa na gharama hiyo. Kusini kidogo, magari huvuka usiku kucha kwenye daraja la Mid-Hudson lililofunguliwa mwaka 1930, na hakuna anayeyauliza jua limezama saa ngapi.