Mnyoo wa Kenyon: kuongezwa miaka au kuongezwa uzima?

Mtazame kwa hadubini mnyoo anayeitwa Caenorhabditis elegans akiwa na wiki mbili hivi. Huyu si mnyoo wa tumboni. Makazi yake ni udongoni na kwenye matunda yaliyooza. Ana urefu wa milimita moja na mwili unaopitisha mwanga, kwa hiyo uzee wake hauna pa kujificha. Misuli imelegea, amelala palepale alipoachwa, na ukimgusa kwa ncha ya waya anatikisa kichwa tu. Kwenye kisahani cha pembeni yuko mwenzake wa umri uleule, aliyelishwa bakteria walewale katika joto lilelile. Huyu anatambaa kama kijana. Kinachowatofautisha ni jeni moja.

Jeni hiyo ni daf-2. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitangaza kwamba ikidhoofika, mnyoo huishi maradufu. Hawakuwa wa kwanza, maana miaka mitano kabla David Friedman na Thomas Johnson walishaeleza kuhusu jeni ya age-1. Ila ugunduzi wa Kenyon ndio uliotikisa zaidi fikra kwamba mwili huchakaa tu kama gari bovu. Mwaka 1997 maabara ya Gary Ruvkun ikaonyesha kuwa daf-2 hutengeneza kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe wa homoni, kinachofanana na kipokezi chetu cha insulini. Kipokezi hicho kikipunguza kazi, protini ya DAF-16 huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ulinzi dhidi ya joto, sumu na vijidudu. Kisha ikaja zamu ya panya: mwaka 2003 majike waliobaki na nakala moja tu ya jeni ya kipokezi cha IGF-1 (homoni inayofanana na insulini na kuchochea ukuaji), badala ya mbili, waliishi takriban asilimia 33 zaidi. Kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya minyoo tu amechelewa.

Wakosoaji nao wana hoja. Mwaka 2004 watafiti waliwachanganya minyoo wa daf-2 na minyoo wa kawaida kwenye kisahani kimoja. Baada ya vizazi vinne tu, wale wa maisha marefu walikuwa wametoweka, kwa sababu wenzao waliwazidi kwa uzazi wa mapema. Basi umri mrefu una gharama. Lakini miaka miwili kabla, maabara ya Kenyon ilikuwa imeizima daf-2 baada ya mnyoo kukomaa, naye akaishi muda mrefu huku akizaa kama kawaida. Kwangu mimi jaribio hilo lina uzito mkubwa. Linaonyesha kwamba gharama ile inategemea wakati, na inaweza kukwepwa.

Hoja inayonigusa zaidi ni nyingine. Mwaka 2015 kundi moja la watafiti liliripoti kuwa minyoo wa maisha marefu kama hawa wa daf-2 hutumia sehemu kubwa zaidi ya maisha yao wakiwa dhaifu. Aliyewahi kumgeuza mzazi kitandani usiku kucha ili asipate vidonda anaelewa kwa nini matokeo hayo yanaogofya. Nani anataka kuirefusha hali ile? Mwaka huohuo kundi lingine likapinga. Minyoo wa daf-2 hupenda kutulia penye chakula, kwa hiyo ukihesabu mwendo wao wa kawaida utadhani wamechoka. Kundi hilo lilipima kasi ya juu kabisa wanayoweza kufikia, likakuta nguvu zao zinadumu kuliko za wenzao. Naegemea upande huu wa pili, kwa sababu kutotaka kutembea na kutoweza kutembea ni mambo mawili tofauti. Hata hivyo, bila ukosoaji ule wa kwanza huenda kipimo hicho kisingepata uzito kilichoupata.

Kwa binadamu, tuwatazame watu wa kusini mwa Ecuador wenye ugonjwa wa Laron. Ni wafupi sana, kwa kuwa kipokezi chao cha homoni ya ukuaji hakifanyi kazi, hivyo IGF-1 yao iko chini mno. Utafiti wa mwaka 2011 uliofuatilia watu 99 wa aina hiyo haukukuta hata mmoja mwenye kisukari, ingawa wengi ni wanene, na ulikuta mgonjwa mmoja tu wa saratani, ambaye haikumuua. Lakini hawaishi miaka mingi kuliko ndugu zao. Sehemu kubwa ya vifo vyao vilitokana na ajali, ulevi na degedege, mambo ambayo mnyoo wa maabara hakutani nayo kisahanini.